Siku Tarishi Alipokuja Kuuliza Pasi

Kiomboi, Jumapili alasiri

Mwanangu Naomi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nimekuona asubuhi ukimeza uji harakaharaka ili uwahi kwenda Ulemo kumuaga Bibi, na mama yako akikuambia polepole, Bibi hahami leo. Sasa mko huko, na mimi nimebaki na sanduku lako la bati, ambalo umelifunga tangu jana ingawa lori halitoki mpaka kesho asubuhi.

Ya sabuni, ya kufua kola, ya kumwamkia kila mkubwa hata usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na tena njiani leo atakuambia. Sina la kuongeza huko. Nina jambo moja, nalo ni mkono wako wa kushoto. Nimelizunguka kwa mwaka mzima na zaidi. Kesho unakwenda shule ya bweni, mahali ambapo watu wataushika mkono huo na kukuuliza umeungua na nini, na wewe utajibu kama nilivyokuacha ujibu. Kabla hujajibu nataka ujue nilichokuficha.

Unanifahamu. Barua ya ofisi naisoma mara tatu kabla ya kuitia kwenye bahasha, na nikishaifunga kwa lakiri naanza kujiuliza kama niliweka tarehe. Hata hii nimeiandika kwanza kwa penseli. Ukiona maneno yamekaa vizuri, usidhani na mwandishi amekaa vizuri.

Nianze na mahali palipokuwa pazuri, maana palikuwapo.

Unakumbuka lile shati langu la kazi lililodondokewa na mshumaa begani. Mama yako alinionyesha namna ya kuitoa nta: weka juu yake karatasi ya kukaushia wino, pitisha pasi, nta itapanda kwenye karatasi. Nikafanya hivyo. Karatasi ile ilikuwa na madoa ya wino wa zamani, na pasi yetu ilikuwa na masizi, kama kawaida yake. Nilipoigeuza, nta ilikuwa imevuta weusi na ubuluu kwa mstari mrefu, mwembamba huku, mnene kule. Mimi niliona karatasi iliyoharibika. Wewe ulichungulia kwapani mwangu ukasema, "Baba, hii ni Wembere."

Na ilikuwa mbuga ya Wembere kweli, kama unavyoiona ukisimama pale nchi inapokatika na kushuka, wakati wa kiangazi, vumbi limelala chini na huoni mwisho. Nilisimama na karatasi ile mpaka mkaa ukapoa, na shati sikumaliza kulinyoosha. Siku iliyofuata nilikwenda kazini na bega moja limekunjamana.

Kuanzia hapo tulikuwa watu wawili wenye wazimu mmoja. Nta haikuwa shida. Bibi akichemsha masega na kuyakamua kwenye gunia, tulipata vipande vilivyopasuka, vile visivyo na umbo la bakuli, ambavyo mnunuzi huvikataa. Rangi ndiyo ilitusumbua. Masizi ya chungu yalikubali mara moja. Udongo mwekundu wa kupakia kuta tuliutia ukiwa bado mbichi, nta ikatutemea, na ukutani kwetu mpaka leo kuna vidoa ambavyo mama yako anadhani ni vya mbu. Tulijifunza kuukausha juu ya bati, kuuponda, kuuchekecha kwa kitambaa. Chokaa ilikubali kidogo. Majani tuliyoyaponda yalitupa kijani kilichotufurahisha kwa siku tatu, kisha kikawa rangi ya tumbaku.

Halafu pasi yenyewe. Ikiwa na moto mwingi, nta inafuka moshi na rangi zote zinakimbiliana kuwa tope. Ikiwa na moto mchache, nta inaburuzika kama ugali uliolala. Wewe ndiye uliyepata kipimo. Unaweka punje ya nta juu ya uso wa pasi iliyogeuzwa, unataja jina lako na la babu yako. Ikiyeyuka kabla hujamfikia babu, subiri. Na wewe ndiye uliyegundua lile ambalo mimi nisingeligundua kwa miaka kumi, kwa sababu mimi nilikuwa nikiinua pasi taratibu, kwa adabu, kama ninavyofanya kila kitu. Ulininyang'anya ukaibandua mara moja. Nta ikanyonywa juu na kuacha mishipa, matawi, vijitawi juu ya vijitawi.

"Ukiinua ghafla, inaota miti," ulisema.

Mama yako alikuwa akipita na ungo. Alitutazama, mtu na mwanawe wameinamia kipande cha jalada la zamani. "Karani mzima," akasema, "anaipigia pasi karatasi. Itavaliwa na nani?"

"Na Baba," ukamjibu. "Kanisani."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nataka ukumbuke kicheko hicho, kwa sababu ninayoyaandika baadaye yanaweza kukufanya udhani nyumba ile ilikuwa na hofu tu. Hofu ilikuwa yangu.

Sijakuambia kwa nini nilikipenda kitu kile kupita kiasi. Kazini kwangu sina neno langu hata moja. Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa boma, anasema, mimi naandika. Barua inakuja kutoka mbali, mimi nainakili. Mzee anakuja na shauri lake, mimi naligeuza liwe mistari minne yenye kichwa cha habari. Mwandiko wangu unasifiwa. Lakini ukikusanya kila nilichoandika tangu niajiriwe hutapata mahali nilipo. Kwenye karatasi zile za nta nilikuwapo. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyejua kama nimekosea, kwa kuwa hakuna aliyejua iliyo sawa. Kwa mtu kama mimi hiyo ni pombe kali.

Ndipo nilipopata buluu. Ile ya kufulia, ya vipande vya mraba, ambayo mama yako huyeyusha kwenye maji ili nguo nyeupe zing'ae. Niliiponda kavu nikaichanganya na nta kidogo isiyozidi ukucha, nikaona inakubali. Ilikuwa Jumanne jioni. Usiku huo sikuwaza kitu kingine. Tungekuwa na mbingu! Mpaka siku hiyo picha zetu zote zilikuwa na anga la masizi, kama mvua inakuja kila siku.

Jumatano asubuhi nilimwambia jirani yetu anayefanya kazi na mimi, "Nisemee ofisini, homa imenishika." Sikuwa nimewahi kusema uongo kwa ofisi. Nilisema kwa sauti dhaifu sana, nikajishangaa nilivyojua kuigiza. Shule ilikuwa imefungwa, mama yako alikuwa kwa Bibi akipalilia. Tukafunga mlango, mimi na wewe.

Hayo unayajua. Na yafuatayo unayajua pia, lakini unayajua kutoka nyuma ya pazia. Nataka nikueleze kutoka upande wangu.

Kopo la sigara lenye nta ya buluu lilikuwa juu ya mkaa, limekwisha kuyeyuka lote. Pasi nilikuwa nimeigeuza, imesimama kati ya matofali mawili. Nilikuwa nimepaka anga nusu, na lilikuwa zuri, Naomi. Sijui kama uliliona vizuri. Ndipo sauti ikaja uani, sauti ambayo wilaya nzima inaijua.

"Hodi! Hodi hapa kwa mgonjwa!"

Alikuwa Mzee Msengi, tarishi wa boma. Mtu mwema, mtu wa utani, ambaye hajawahi kunitendea ubaya wowote. Lakini akili yangu ilikimbia mbele: ataona mkaa, ataona rangi, ataona majalada ya serikali, ingawa yalikuwa yametupwa na niliyaokota jalalani. Atasema. Nitafukuzwa. Nililishika kopo kwa kitambaa nikakusukumia mikononi. "Ingia ndani. Usitoe sauti." Nikaweka kidole mdomoni, nawe ukaingia nyuma ya pazia la chumbani. Kisha nikafunika pasi kwa karai, nikajitupia shuka mabegani, nikafungua.

Kitambaa kile kilikuwa chembamba. Nilijua, kwa sababu mimi mwenyewe kilikuwa kimeniunguza muda mfupi kabla. Sikukuambia kwa kuwa sikuwa na nafasi, ndivyo nilivyokuwa nikijieleza. Nafasi ya kuweka kidole mdomoni nilikuwa nayo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Unatoka jasho kama ng'ombe wa kulimia."

"Homa."

"Na homa yako mbona inanuka nta?"

"Nimejipaka kifuani. Dawa ya Bibi."

"Aa! Mimi nilidhani mnapika masega, nikasema nimekuja kwa wakati." Akacheka, akaegemea mwimo wa mlango. Kisha akashusha sauti, kama anavyofanya akileta habari za ofisini. "Bwana amenituma. Anataka pasi."

Sijui nikuelezeje. Pasi ilikuwa nyuma yangu, hatua mbili, chini ya karai, bado inafuka. Nilidhani wamekwisha jua. Nilidhani kuna mtu amemwambia Bwana Shauri kwamba karani wake hana homa, amejifungia anaipigia pasi karatasi.

"Pasi gani?" nikauliza.

Na hapo ndipo nilipokusikia.

Haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi, kama ya mtu aliyeingia kwenye maji baridi, na mwisho wake kitu kidogo chembamba kilichokatwa kabla hakijawa sauti. Nilijua ni nini. Mtu hawezi kutojua. Mzee Msengi hasikii vizuri sikio moja, naye alikuwa akisema, hakusikia. Mimi nilisikia.

"Pasi, pasi," alikuwa akisema. "Amesema mwambie karani alete pasi, na kama hawezi kusimama nipe mimi nimpelekee."

"Mzee, mimi sina pasi. Leo sijagusa pasi kabisa. Waulize majirani."

"Majirani wanaingiaje? Jana ulikuwa nayo, nimekuona kwa macho yangu."

"Jana nilikuwa nanyoosha kaptula tu!"

"Kaptula?"

Pazia likatikisika kidogo, chini, pale ulipokuwa mguu wako. Nikakohoa. Nataka uelewe kikohozi hicho. Mzee Msengi alidhani ni cha ugonjwa, akasema pole sana. Wewe labda ulidhani hivyo pia. Nilikohoa ili sauti nyingine ikija nisiisikie.

Aliniangalia kwa huruma kubwa. "Homa yako imepanda kichwani, kijana. Nani anataka pasi ya kaptula? Pasi ya ng'ombe! Ya yule mzee anayepeleka ng'ombe Singida mnadani. Uliiandika jana, umeiweka wapi? Ng'ombe wamesimama pale bomani tangu asubuhi, wanakula maua ya Bwana."

Pasi ya ng'ombe. Karatasi ya ruhusa, mistari mitatu na mhuri. Neno moja, vitu viwili, na mimi ninayesifiwa kwa Kiswahili changu nilishindwa kuvitenganisha kwa sababu ya woga. Ilikuwa kwenye droo ya kushoto chini ya rula. Kumwambia hivyo kungechukua muda wa kupumua mara moja, na angekuwa amekwisha geuka kwenda zake. Badala yake nilibishana naye, nikajitetea kwa jambo ambalo hakuna aliyenishtaki. Na hata nilipokwisha kumwambia ilipo sikumwambia kwaheri. Niliogopa kuonekana namfukuza. Akanisimulia maua gani yameliwa na yapi yamebaki, na Bwana alivyotoka barazani na kofia mkononi akiwafukuza ng'ombe kwa Kiingereza. Nikacheka. Nilicheka, Naomi, na wewe uko nyuma ya pazia.

Alipoondoka nilingoja mpaka kiatu chake kiishe kusikika. Ndipo nikafunua.

Ulikuwa umesimama wima. Kopo lilikuwa mkono wa kulia, sawasawa, hukumwaga tena hata tone. Mkono wa kushoto ulikuwa buluu kuanzia kwenye vidole mpaka kifundoni, nta imekwisha kuganda, kama umevaa soksi mkononi. Uso wako ulikuwa mkavu.

"Ameondoka?" ukauliza.

"Ameondoka."

"Hukunisikia, Baba?"

Nikasema, "Sikusikia."

Ukatabasamu. Ukasema, "Basi nilinyamaza vizuri."

Hilo ndilo nililokuficha. Si kitambaa, si kopo, hayo uliyaona mwenyewe. Nilikusikia, na nilikujibu kwamba sikusikia, na wewe ukafurahi kwa ajili yangu. Nimekwisha liandika.

Mengine nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa uliyaona. Sikukupeleka hospitali siku hiyo. Kutoka hapa mpaka hospitali ni karibu, lakini njia inapita mbele ya boma, na mimi nilikuwa na homa. Nilikupaka asali nikakufunga kitambaa. Mama yako aliporudi jioni nilimwambia maneno mawili: "Alichezea pasi." Akakuchapa begani, kofi moja, la pili likamshinda akaanza kulia yeye. "Mtoto mkubwa huna akili? Baba yako mgonjwa amelala wewe unachezea moto?" Ulinitazama mara moja tu. Sikuona lawama machoni mwako, na ningeiona ningelala vizuri zaidi. Ulinitazama kama mlinzi anavyomtazama mwenye nyumba.

Kesho yake mama yako ndiye aliyekupeleka. Mganga msaidizi alimwambia ungeletwa siku ileile vidole vile viwili vya mwisho vingenyooka. Mama yako amejilaumu kwa hilo mpaka leo, kwamba alichelewa shambani. Nimemsikia akimwambia Bibi, na nilikaa kimya.

Halafu wakaja watu. Hilo nalo ni la kwetu, na sijui kama nchi nyingine wanafanya hivyo. Hawakuja kukupa pole tu, walikuja kukutazama. Bibi aliusimulia mkono wako kijiji kizima: "Huyu hakulia! Nta ya moto, na hakulia! Huyu ni mtu." Wazee waliniamkia kwa heshima mpya. "Karani, umezaa," waliniambia. Nami nikapokea. Nilikaa kwenye kiti nikapokea sifa za ukimya wako, na ukimya wenyewe niliuagiza mimi, kwa kidole.

Najua ladha ya sifa hizo kwa sababu nililelewa nazo. Nilipokuwa na umri kama wako, kwenye darasa letu la nyasi, chaki zilipotea. Hazikuwa zimechukuliwa na mimi. Mwalimu alinichagua kwa kuwa nilikuwa na vumbi jeupe mkononi, vumbi la majivu, nilikuwa nimetoka kusafisha chungu cha mama yangu. Ningeweza kusema hivyo. Nilichapwa viboko na sikulia wala sikusema neno. Jioni babu yako, ambaye hakuwahi kunisemesha isipokuwa kunituma, alinipa kigoda nikae karibu na wanaume. "Keti," akasema. "Nimesikia." Hakuniuliza kama niliiba. Hilo halikuwa na maana kwake, wala kwangu, jioni ile. Nilikuwa na kigoda.

Nimekaa kwenye kigoda hicho mpaka leo. Nilikipeleka shuleni, nikakipeleka ofisini. Nikiona jambo halikai sawa nanyamaza vizuri, na watu husema, huyu karani ana adabu. Baadhi ya hiyo ni adabu kweli. Nyingine nyingi ni mtoto mwenye majivu mkononi ambaye hajasema bado.

Sikukusudia kukurithisha. Lakini mwezi uliopita, unajua, mama yako aliona usaha kwenye mto wako. Sikio lilikuwa limekuuma siku nne. Siku nne umekula nasi, umechota maji, umeimba kanisani na sikio hilo. Mama yako akauliza kwa nini hukusema. Ukasema, "Sikutaka kusumbua." Na ukanigeukia mimi, Naomi, uone kama umenyamaza vizuri.

Nilitoka nje. Mlidhani nimekwenda kutafuta mafuta ya kutia sikioni.

Ndiyo sababu ninaandika. Nyumba hii ni ndogo, mama yako anaona mito. Huko unakokwenda kuna vitanda vingi kwenye chumba kimoja, na wakubwa wachache, na kila mkubwa ana haraka. Huko mtoto anayenyamaza vizuri atasifiwa sana. Atapewa kazi ya kuwasimamia wenzake. Hakuna atakayegeuza mto wake. Nimewaza hili kila nikikuona unafua soksi zako mpya.

Sitaki kukuhubiria. Mchungaji alifanya hivyo Jumapili iliyopita na alikutaja kwa jina, inatosha. Nakuomba tu kitu ambacho mimi sikukifanya wala sikukuruhusu ukifanye. Ukiungua, piga kelele. Ukiumwa usiku, waamshe. Ukisingiziwa, sema si mimi, hata sauti ikitetemeka, hata wakikuita huna heshima. Utafanya vibaya mara ya kwanza. Utasema kwa wakati usiofaa na kwa mtu asiyehusika, na watakucheka. Cheka nao, kisha sema tena. Na akitokea mtu unayempenda, mtu mwema, akaweka kidole mdomoni mbele yako wakati unaumia, basi huyo ndiye umpigie kelele kuliko wote. Mimi ningeshtuka, ningeona aibu, Mzee Msengi angeingia ndani, angeona buluu yote, labda ningefukuzwa, labda angecheka tu na kunisaidia kukubeba. Vidole vyako vingenyooka.

Ulipopona uliniuliza, "Baba, mbona hatupigi pasi tena?" Nikakuambia nta imekwisha. Nta ipo, iko juu ya kabati. Mimi ndiye niliyeshindwa kushika pasi bila kuuona mkono ule. Lakini sitakuficha kwamba picha zile zilikuwa furaha yangu, na kwamba nusu ya kila nilichokijua ulikijua wewe kwanza. Ukipata huko pasi na mtu mkubwa wa kusimama karibu, endelea. Usiache kwa sababu yangu.

Wakikuuliza mkono umefanya nini, sema: nilikuwa nimemshikia baba yangu nta ya moto, aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Usiniongezee wala usinipunguzie. Sitakuwapo kusikia, lakini hata ningekuwapo, sema hivyohivyo.

Limebaki jambo moja, na nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalonifanya nitazame mlango kila mara. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuificha barua hii kwenye sanduku lako, chini ya shuka, uione ukiwa mbali. Nilikwisha hata kuchagua mahali. Kisha nikaona nilivyo: ningekuwa nimekupa siri nyingine ya kunitunzia, na mama yako angebaki hapa na mimi, akijilaumu kwa siku aliyochelewa shambani, mpaka azeeke.

Kwa hiyo haitaingia sandukuni leo. Nimekwisha kuziona kanga zenu huku chini ya njia, mnapanda polepole, na mama yako amebeba kitu kichwani, nadhani ni viazi vya Bibi. Mkifika nitawaacha mnywe maji. Kisha nitamwomba mama yako akae, nami nitaisoma barua hii kwa sauti, kuanzia juu, kwa kuwa yeye husoma kwa taabu na haya si maneno ya kumpa mtu ahangaike nayo peke yake. Atakasirika. Sijui atakasirika kiasi gani, au kwa muda gani, au kama atakuja nami kesho kukusindikiza.

Nawe utakaa ubavuni mwangu, ufuate mistari kwa kidole chako. Najijua, nikifika pale kwenye pazia naweza kuruka. Nikiruka, Naomi, usinionee huruma. Sema kwa sauti, mama yako asikie: "Baba, umeruka."

Mimi baba yako,
niliyekusikia.